Kunakili mfuatano wa herufi kwa asembli: kutoka baiti moja hadi kumi na sita

Kazi yenyewe inaelezeka kwa pumzi moja: chukua baiti hapa, iweke pale, endelea mpaka ukutane na sifuri, na hiyo sifuri nayo uinakili. Lugha ya C huufunga mfuatano wa herufi kwa baiti ya sifuri na haiandiki popote urefu wake, kwa hiyo anayenakili hajui safari ni ndefu kiasi gani mpaka afike. Ndiyo maana kazi hii ni ngumu kuliko inavyoonekana. Prosesa ya leo haihangaiki kubeba baiti. Kinachoigharimu ni kuuliza, baada ya kila mzigo, "je, tumefika?" Mwongozo huu wote ni wa kupunguza maswali hayo bila kukosea jibu hata mara moja.

Nitatumia x86-64, yaani prosesa za biti 64 za Intel na AMD, kwenye Linux, na msimbo ni wa NASM, programu inayogeuza asembli kuwa msimbo wa mashine. Linux ina utaratibu wake wa kuitana: anwani ya kupokelea inakuja kwenye rdi (mojawapo ya rejista, yaani vihifadhi vidogo vilivyo ndani ya prosesa yenyewe), ya chanzo kwenye rsi, na anwani ya kupokelea kama ilivyokuwa mwanzo inarudishwa kwenye rax. Rejista rcx, rdx, r8 hadi r11 na zote za xmm ni ruhusa kuzichafua. Kwenye Windows hoja huja kwa rcx na rdx, na rsi na rdi lazima uziache ulivyozikuta. Mengine yote hapa chini yanabaki vilevile.

Hatua ya 1: Andika toleo la polepole, na ulitunze

```
nakili1:
    mov   rax, rdi
.rudia:
    mov   cl, [rsi]
    mov   [rdi], cl
    inc   rsi
    inc   rdi
    test  cl, cl
    jnz   .rudia
    ret
```

Usilifute toleo hili hata ukishapata la kasi. Hili ndilo shahidi wako: kila toleo litakalofuata lazima litoe baiti zilezile linazotoa hili, kwa kila urefu na kila anwani. Mtu asiye na toleo la kulinganishia hana njia ya kujua kama ameongeza kasi au ameongeza makosa.

Katika msimbo wa zamani utakuta kazi hii imefanywa kwa lodsb na stosb. Amri hizo zipo tangu 8086 ya mwaka 1978, na zama zile zilikuwa na maana kubwa: kila moja ni baiti moja tu ya msimbo, na kusoma msimbo wenyewe kutoka kwenye kumbukumbu kulikuwa sehemu kubwa ya gharama. Leo prosesa huzivunja kila moja kuwa hatua ndogo kadhaa za ndani, na amri za kawaida za mov hazizidiwi nazo. Amri ya loop nayo ni hivyohivyo, kwenye prosesa nyingi za Intel inachelewesha kuliko dec na jnz zikiandikwa mbili. Msimbo mfupi kwa macho si lazima uwe mwepesi kwa prosesa.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kugusa chochote

Ita utaratibu wako mara milioni kadhaa ukiwa na mifuatano ya urefu tofauti, na usichukue mfuatano mmoja mrefu tu kwa sababu unatoa namba ya kupendeza. Majina ya watu, njia za mafaili, vichwa vya ujumbe, vyote hivyo mara nyingi havizidi baiti thelathini au arobaini. Pima urefu wa 5, 12, 30, 100, 1000 na 100000, kila mmoja peke yake.

Funga programu kwenye kiini kimoja cha prosesa kwa taskset, rudia kipimo mara nyingi, na uchukue muda mdogo kuliko yote, kwa sababu chochote kinachoongezeka juu yake ni usumbufu wa programu nyingine. Ukitumia rdtsc, amri inayosoma saa ya prosesa, tanguliza lfence, la sivyo prosesa itasogeza amri zako nje ya eneo unalolipima. Kwa picha ya jumla, perf stat, chombo cha kupimia cha Linux, itakuonyesha idadi ya amri, mizunguko ya saa, na makisio yaliyokosewa.

Hayo makisio yatazame kwa makini. Kila inapofika kwenye jnz, prosesa haisubiri jibu. Hukisia njia na kuendelea. Ikikosea, hutupa kazi iliyokwisha kuifanya, na hasara huwa kama mizunguko 15 hadi 20. Kwa mfuatano wa herufi kumi, kosa moja la kukisia pale mwisho linaweza kugharimu zaidi ya kunakili herufi zote kumi.

Hatua ya 3: Safisha kitanzi

Tunaongeza vielekezi viwili, rsi na rdi, wakati vinatembea sambamba. Tafuta tofauti yao mara moja, kisha sogeza kimoja tu:

```
nakili2:
    mov   rax, rdi
    sub   rdi, rsi
.rudia:
    movzx ecx, byte [rsi]
    mov   [rsi+rdi], cl
    inc   rsi
    test  ecx, ecx
    jnz   .rudia
    ret
```

Baada ya sub, rdi haina tena anwani. Ina umbali kati ya chanzo na mapokezi, kwa hiyo rsi+rdi daima ni mahali pa kuandikia. Hila hii ndogo tutaihitaji tena mbele. Movzx nayo inajaza ecx nzima badala ya kubandika baiti moja juu ya thamani ya zamani, na hivyo prosesa haina sababu ya kungoja thamani ile ya zamani. Acha test na jnz zikae bega kwa bega, kwa maana prosesa huziunganisha kuwa hatua moja.

Utapata nafuu kidogo, na hapo ndipo njia hii inapoishia. Kwenye prosesa nyingi kitanzi hakiwezi kurudi nyuma zaidi ya mara moja kwa kila mzunguko wa saa. Tunabeba baiti moja kila tunaporudi, kwa hiyo dari yetu ni baiti moja kwa mzunguko, hata ukipamba vipi. Kuvuka dari hiyo kunataka kuuliza swali moja kwa baiti nyingi.

Hatua ya 4: Uliza mara moja kwa baiti nane

Rejista ya kawaida inabeba baiti nane. Tunajuaje kama mojawapo ni sifuri bila kuzifungua moja moja? Kuna hesabu maarufu, inayohusishwa na Alan Mycroft aliyeieleza mwaka 1987: toa 1 kwenye kila baiti, kisha angalia biti ya juu ya kila baiti. Baiti ya sifuri ikitolewa 1 inakopa na kuwa 0xFF, biti yake ya juu inawaka.

```
nakili8:
    mov   rax, rdi
    mov   r8, 0x0101010101010101
    mov   r9, 0x8080808080808080
.nane:
    mov   rcx, [rsi]
    mov   rdx, rcx
    sub   rdx, r8
    mov   r10, rcx
    not   r10
    and   rdx, r10
    and   rdx, r9
    jnz   .mwisho
    mov   [rdi], rcx
    add   rsi, 8
    add   rdi, 8
    jmp   .nane
.mwisho:
    mov   [rdi], cl
    inc   rdi
    test  cl, cl
    jz    .toka
    shr   rcx, 8
    jmp   .mwisho
.toka:
    ret
```

Kuna watu huondoa zile amri za not na and ya r10 ili kuokoa muda, wakijaribu kwa maneno kama "habari" na kuona kila kitu kiko sawa. Usifanye hivyo. Biti ya juu inawaka pia kwa baiti yoyote iliyokuwa kubwa kuliko 0x80 tangu mwanzo, na maandishi ya UTF-8 (mfumo wa kuandika herufi za lugha zote kwa baiti) yasiyo ya Kiingereza yamejaa baiti za namna hiyo. Chukua neno "ng’ombe" lililoandikwa kwa ritifaa iliyopinda: ritifaa hiyo peke yake ni baiti tatu, 0xE2, 0x80 na 0x99. Neno zima ni baiti tisa. Bila ile not, msimbo utaona 0xE2, utadhani sifuri imepatikana, utaingia .mwisho, utaandika baiti nane zilizomo ndani ya rcx, na kwa kuwa rcx sasa imebaki tupu, utaandika sifuri na kutoka. Ng’ombe wako atatoka "ng’omb". Mwandishi wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ataharibiwa maneno mengi. Anayejaribu msimbo kwa herufi za Kiingereza peke yake hatalijua kosa hili kamwe. Litagunduliwa na mtumiaji.

Kukopa kwa baiti ya sifuri kunaweza kuiwasha pia baiti inayofuata ikiwa ni 0x01. Hilo halitudhuru, maana hutokea tu pale ambapo sifuri ya kweli imekwisha kuwepo chini yake, na .mwisho inaanzia chini.

Hatua ya 5: Heshimu ukingo wa ukurasa

Toleo la juu lina shimo, na mimi niliwahi kulitumbukia. Nilikuwa na utaratibu wa namna hii uliofanya kazi wiki nzima bila tatizo, kisha programu ikaanza kufa mara mojamoja, kila mara mahali tofauti. Nilitafuta kosa kwenye kila kona isipokuwa pale, kwa sababu pale "palikuwa pameshajaribiwa".

Kumbukumbu hugawanywa katika kurasa za baiti 4096. Mfuatano ukiishia kwenye baiti za mwisho za ukurasa, kusoma baiti nane kwa pamoja kunaweza kuvuka na kugusa ukurasa unaofuata. Ikiwa ukurasa huo si wa programu yako, mfumo unaiua papo hapo. Mara nyingi ukurasa wa pili ni wako, kwa hiyo hakuna kinachotokea, na unaamini msimbo ni mzima.

Dawa yake ni kanuni moja: usomaji uliopangwa kwenye anwani inayogawanyika kwa ukubwa wake hauvuki ukurasa kamwe, kwa kuwa 4096 inagawanyika kwa 8, kwa 16, hata kwa 64. Kwa nakili8, weka kipande hiki kabla ya .nane:

```
.sawazisha:
    test  sil, 7
    jz    .nane
    mov   cl, [rsi]
    mov   [rdi], cl
    inc   rsi
    inc   rdi
    test  cl, cl
    jnz   .sawazisha
    ret
```

Tunapanga chanzo na si mapokezi, kwa sababu hatari iko upande wa kusoma. Kusoma kupita sifuri ndani ya ukurasa uleule hakumdhuru mtu. Kuandika kupita sifuri ni jambo jingine kabisa: baiti zile ni za mwenyewe, na huna ruhusa ya kuzigusa hata kama utazirudisha zilivyokuwa, kwa kuwa uzi mwingine wa programu (sehemu yake inayokimbia sambamba) unaweza kuwa unaziandika wakati huohuo.

Hatua ya 6: Baiti kumi na sita kwa SSE2

Rejista za xmm hubeba baiti 16, na amri za SSE2, kundi la amri za kushughulikia baiti nyingi kwa mpigo zilizoingia na Pentium 4 mwaka 2000, ni sehemu ya lazima ya x86-64. Huna haja ya kuuliza kama prosesa inazo. Amri mbili ndizo moyo wa kazi: pcmpeqb hulinganisha baiti 16 kwa mpigo na kuwasha kila baiti iliyolingana, na pmovmskb hukusanya biti ya juu ya kila baiti na kukupa namba ya biti 16. Namba ikiwa 0, hakuna sifuri. Ikiwa na biti iliyowaka, bsf inakuambia ya kwanza iko nafasi gani.

```
nakili16:
    mov      rax, rdi
    sub      rdi, rsi
    pxor     xmm0, xmm0
    mov      ecx, esi
    and      ecx, 4095
    cmp      ecx, 4080
    ja       .ukingo
.soma:
    movdqu   xmm1, [rsi]
    pcmpeqb  xmm0, xmm1
    pmovmskb ecx, xmm0
    test     ecx, ecx
    jnz      .fupi
    movdqu   [rsi+rdi], xmm1
    and      rsi, -16
    jmp      .angalia
.andika:
    movdqu   [rsi+rdi], xmm1
.angalia:
    add      rsi, 16
    movdqa   xmm1, [rsi]
    pcmpeqb  xmm0, xmm1
    pmovmskb ecx, xmm0
    test     ecx, ecx
    jz       .andika
    bsf      ecx, ecx
    add      rsi, rcx
    movdqu   xmm1, [rsi-15]
    movdqu   [rsi+rdi-15], xmm1
    ret
```

Itazame pcmpeqb kwa utulivu, kwa sababu kuna uzuri pale. Inaharibu xmm0, rejista yetu ya sifuri. Tungetegemea kuisafisha upya kila mzunguko. Lakini kama hakuna baiti iliyolingana, matokeo yake ni sifuri tupu, yaani xmm0 imebaki vilevile tunavyoitaka. Ikiharibika, ni kwa sababu tumefika, na hatuihitaji tena.

Jambo la pili ni and rsi, -16. Baada ya kunakili baiti 16 za kwanza kutoka anwani yoyote ile, hatusogei hatua 16 kamili. Tunarudi kwenye anwani iliyopangwa, na add inatupeleka kwenye iliyopangwa inayofuata. Baiti kadhaa zitanakiliwa mara mbili. Hiyo ni bei ndogo sana kuliko kitanzi cha kupanga baiti moja moja.

Wengine watakuelekeza kwenye pcmpistri ya SSE4.2, iliyotengenezwa mahsusi kwa mifuatano ya herufi. Inafaa kutafutia herufi za kundi fulani. Kwa kutafuta sifuri tu, jozi ya pcmpeqb na pmovmskb ni nyepesi zaidi.

Hatua ya 7: Mkia bila kitanzi

Hapa ndipo mifuatano mifupi inaposhinda au kushindwa, na mingi ni mifupi. Mkia wa mfuatano mrefu umeshauona juu: tunajua kwamba baiti zisizopungua 16 zimetangulia kabla ya sifuri, basi tunachukua baiti 16 zinazoishia kwenye sifuri yenyewe na kuziandika kwa mkupuo, zikilalia juu ya zilizokwisha kuandikwa. Hakuna baiti inayovuka mwisho.

Kwa mfuatano uliokwisha ndani ya baiti 16 za kwanza, tunatumia wazo lilelile kwa vipande vidogo viwili, kimoja kutoka mwanzo na kingine kutoka mwisho, vikutane katikati:

```
.fupi:
    bsf      ecx, ecx
    cmp      ecx, 7
    jae      .nane
    cmp      ecx, 3
    jae      .nne
    test     ecx, ecx
    jz       .tupu
    movzx    edx, word [rsi]
    movzx    r8d, word [rsi+rcx-1]
    mov      [rax], dx
    mov      [rax+rcx-1], r8w
    ret
.nane:
    mov      rdx, [rsi]
    mov      r8, [rsi+rcx-7]
    mov      [rax], rdx
    mov      [rax+rcx-7], r8
    ret
.nne:
    mov      edx, [rsi]
    mov      r8d, [rsi+rcx-3]
    mov      [rax], edx
    mov      [rax+rcx-3], r8d
    ret
.tupu:
    mov      byte [rax], 0
    ret
```

Neno la herufi tisa na neno la herufi kumi na nne hupita njia ileile, amri zilezile. Prosesa ina matawi machache ya kukisia, na ndiyo sababu toleo hili linakaa imara hata urefu ukibadilikabadilika.

Imebaki .ukingo, kwa chanzo kinachoanzia ndani ya baiti 15 za mwisho za ukurasa:

```
.ukingo:
    mov      rdx, rsi
    and      rdx, -16
    movdqa   xmm1, [rdx]
    pcmpeqb  xmm1, xmm0
    pmovmskb edx, xmm1
    mov      ecx, esi
    and      ecx, 15
    shr      edx, cl
    test     edx, edx
    jz       .soma
    mov      ecx, edx
    jmp      .fupi
```

Tunasoma kipande kilichopangwa ambacho kinaanzia nyuma ya mfuatano wetu, kisha shr inatupa majibu ya baiti zisizo zetu. Sifuri ikionekana, .fupi inamaliza. Isipoonekana, maana yake mfuatano unaendelea kwenye ukurasa wa pili, hivyo ukurasa huo upo na unasomeka, na tunarudi .soma bila wasiwasi.

Hatua ya 8: Ijaribu pale panapouma

Omba kurasa mbili mfululizo kwa mmap, kisha ufunge ule wa pili kwa mprotect na PROT_NONE. Weka mfuatano wako uishie kwenye baiti ya mwisho kabisa ya ukurasa wa kwanza. Msimbo ukigusa baiti moja zaidi, programu inakufa hapohapo mbele yako, siyo kwa mteja miezi sita baadaye. Fanya hivyo kwa kila urefu kuanzia 0 hadi 100. Kisha kwa kila urefu, sogeza chanzo kwenye nafasi zote 64 za mstari mmoja wa kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa), na mapokezi vilevile.

Upande wa mapokezi, jaza eneo lote kwa 0xAA kabla ya kunakili, na baadaye hakikisha kila baiti kabla ya mwanzo na baada ya sifuri bado ni 0xAA. Ndani ya mfuatano tumia baiti zote kuanzia 1 hadi 255. Jaza sifuri nyuma tu ya mwanzo wa mfuatano, ili .ukingo ionje mtego wake. Matokeo yote yalinganishe na nakili1.

Kama mifuatano yako ni ya maelfu ya baiti, jaribu pia kutafuta urefu kwanza kisha utumie rep movsb. Tangu Ivy Bridge ya mwaka 2012, Intel iliiboresha amri hiyo (utaitambua kwa amri ya cpuid, jani la 7, biti ya 9 ya ebx), na kwa mizigo mikubwa inakwenda kasi sana. Kuianza tu hugharimu makumi ya mizunguko, kwa hiyo kwa majina ya watu haifai. Na kama urefu unaujua tangu mwanzo kwa sababu wewe ndiye uliyeusoma mfuatano kutoka faili au mtandao, ubebe pamoja na anwani yake na usiitafute sifuri tena. Utaratibu wowote wa kunakili kwa urefu uliojulikana utalishinda nakili16, na utakuwezesha kukagua kama nafasi ya kupokelea inatosha, jambo ambalo hakuna hata toleo moja hapa linaloweza kukufanyia.